Chumba chenye roshani melini: tazama kilicho juu na chini yake

Ndugu yangu wa Kampala au Entebbe unayepanga likizo kwenye meli ya kitalii, usilipie chumba chenye roshani kwa kutazama picha tu. Fungua ramani ya sitaha, yaani ghorofa za meli, kwenye tovuti ya kampuni ya meli, tafuta namba ya chumba, kisha angalia kuna nini juu yake na chini yake. Kizuri ni kile ambacho juu na chini kuna vyumba vingine vya kulala. Kikiwa chini ya bwawa la kuogelea, alfajiri utaamshwa na viti vinavyokokotwa. Kikiwa juu ya ukumbi wa muziki, usingizi utachelewa.

Aliyevuka kwa feri kutoka Nakiwogo, Entebbe, kwenda Kalangala kwenye Ziwa Victoria siku ya upepo anajua chombo kinavyoyumba. Kama kichefuchefu hukushika upesi, chukua chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini, maana omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazopanda na kushuka zaidi.

Halafu roshani yenyewe. Ukiambiwa mandhari yamezibwa kiasi, mara nyingi ni mashua ya uokoaji inayoning'inia mbele yako. Uliza pia kama ukingo ni wa kioo au wa chuma. Ukiwa wa chuma, ukikaa kitini huoni bahari, unaona bati lililopakwa rangi. Chumba hicho mimi nakikataa hata bei ikishushwa. Na tiketi za bei nafuu ambazo kampuni ndiyo inakuchagulia chumba zinakunyima nafasi ya kukagua haya yote.