Unatumia pauchi za nikotini? Kagua fizi zako hivi

Watu wengi wanaona pauchi, yaani kile kifuko kidogo chenye nikotini kinachowekwa ndani ya mdomo, haina tumbaku wala moshi, basi wanajua mdomo uko salama. Kuacha moshi ni nafuu kubwa, hilo silipingi hata kidogo, lakini nikotini bado ipo, tena unaibana palepale kati ya mdomo na ufizi nusu saa nzima, mara kadhaa kwa siku, na ufizi ni nyama laini jamani sio ngozi ya kisigino.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba nikotini inabana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi zinaweza kuwa zinaumwa na zisitoe damu. Kwa wavuta sigara hii inajulikana miaka mingi, mtu anapiga mswaki, povu linatoka jeupe safi, anajua yuko fiti kumbe chini mfupa unaoshika jino unalika taratibu. Kwa hiyo usisubiri damu, angalia kwa macho.

Mara moja kwa mwezi inatosha. Toa pauchi, sukutua na maji, nawa mikono, simama mbele ya kioo na tochi ya simu. Nyanyua mdomo wa juu kwa vidole viwili mpaka uone pale mdomo unapokutana na ufizi, ndo hapo pauchi inapokaa. Ukikuta sehemu imekuwa nyeupe na ina mikunjo kama vidole vilivyokaa sana kwenye maji, hiyo ni dalili ngozi ya ndani inachubuliwa. Mara nyingi ukipumzisha sehemu hiyo hupungua, ila usijiambie hivyo ukaacha kufuatilia. Alafu linganisha na upande usiowekaga pauchi: je jino la huku linaonekana refu kuliko mwenzake? Ufizi ukirudi nyuma mzizi unabaki wazi, utausikia kwenye maji baridi, na ufizi ulioshuka haurudi wenyewe. Piga picha, mwezi ujao piga tena kwa mwanga uleule, maana kwa kumbukumbu tu utajidanganya.

Kuhusu kubadilisha upande, inasaidia sehemu moja isichubuke sana, lakini nikotini inaingia mwilini kiasi kilekile, kwa hiyo usiifanye ndo dawa. Kinachopunguza kweli ni kushusha milligramu (soma kopo, ziko za 3 na 6 na nyingine zinapita hapo mbali), kuitoa mapema na kutolala nayo kabisa. Mdomo ukikauka kunywa maji, kwa sababu mate ndo yanayosafisha asidi inayotoboa meno, mate yakipungua meno yanaoza haraka hata kama huli sukari nyingi. Mswaki uwe laini, na usisugue kwa nguvu pale palipochubuka.

Ukiwa umeng'oa jino au umefanyiwa upasuaji wa fizi, achana na pauchi mpaka daktari akuruhusu, kidonda kinahitaji damu ya kutosha ili kipone na nikotini ndo inayoizuia.

Doa jeupe au jekundu, uvimbe au kidonda kikizidi wiki 2 bila kupona, nenda kwa daktari wa meno hata kama hakiumi, yaani hasa kama hakiumi. Madhara ya pauchi ya miaka 20 bado hayajapimwa kwa sababu bidhaa yenyewe ni mpya, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ni salama kabisa.

Na ukifika mwambie daktari ukweli wote, unatumia ngapi kwa siku, za milligramu ngapi, unaziweka upande gani. Wengi wakiulizwa kama wanavuta sigara wanajibu hapana na yanaishia hapo, daktari anaona fizi hazitoi damu naye anaridhika. Mwonyeshe na zile picha kwenye simu.