Mshangao wa siku ya kuzaliwa ndani ya mashua, Lamu: anza na maji, keki baadaye

Wengi wakitaka kumshangaza mtu wao kwa safari ya tanga huanza na keki, zawadi na chumba cha kulala, chombo kikaja mwisho. Kwa Lamu upange kinyume: maji kwanza, nahodha wa pili, mengine yote yafuate. Nimeandika haya baada ya kumsaidia dada mmoja wa Nairobi aliyetaka kumwandalia mumewe siku kama hiyo. Ni mpango wa safari ya mchana, watu wasiozidi wanane, mkianzia Lamu mjini au kijiji cha Shela.

Hatua ya 1: Amua unachoficha

Ficha mashua, usifiche Lamu. Anayekuja kwa ndege ataona Lamu kwenye tiketi, na anayekuja kwa basi atajua mapema kabla ya kufika Mokowe, gati la bara la kuvukia. Mwambie mnakwenda kupumzika, basi. Ataomba ruhusa kazini kwa amani na atajifungia nguo zinazofaa.

Kabla ya kulipa chochote, muulize mama yake au ndugu yake wa karibu: anaweza kuogelea? Bahari humchafua tumbo? Ana ujauzito au maradhi yanayohitaji awe karibu na hospitali? Anayeiogopa bahari asishangazwe baharini. Huyo mwandalie chakula cha jioni juu ya dari ya nyumba Shela, atafurahi vilevile.

Hatua ya 2: Nahodha na chombo

Nataka mashua ya mbao yenye tanga, si boti ya faiba. Boti ya faiba itakufikisha upesi, lakini kelele ya mashine hairuhusu mtu kumwimbia mwenziwe. Hata hivyo mashine iwemo chomboni, kwa sababu upepo ukifa mtahitaji kurudi.

Nenda gatini ukaione mashua kwa macho yako, au mtume mtu unayemwamini. Angalia majaketi ya kuokolea yatoshe kila kichwa, watoto wawe na yao. Uliza leseni na cheti cha ukaguzi. Nahodha wa kweli hukuonyesha bila kununa. Uliza pia kivuli: mashua nyingi hufunga turubai, lakini tanga likipandishwa turubai hushushwa, na jua la saa sita halina huruma. Mashua ndogo hazina choo. Kina mama hasa waambiwe mapema, na mpange pa kuteremka njiani.

Arubuni toa, lakini isiwe malipo yote.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika, kwa hiyo soma polepole.

Siku ya kuzaliwa imeshawekwa na kalenda, huwezi kuihamisha. Maji nayo yana kalenda yao. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana. Ukisikia kwamba wiki iliyopita wenzako walitoka saa tatu asubuhi wakapata maji mazuri, usiichukue saa hiyo ukaifanya yako. Wiki moja ikipita mambo huwa kinyume kabisa: palipokuwa pamejaa ni matope.

Njia rahisi ya kukadiria ni tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri, yakapwa mnamo saa nne au tano asubuhi. Karibu na tarehe 8 na 22 huwa maji mafu. Hapo hujaa mnamo saa nne au tano asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za katikati ongeza dakika 50 kwa kila siku. Tarehe ya mwezi huweza kutofautiana kwa siku moja kulingana na kuandama, kwa hiyo hesabu hii ni ya kupangia tu. Jedwali la maji la Mombasa litakusogeza karibu zaidi, na neno la mwisho ni la nahodha.

Sasa tazama hesabu hiyo inavyoamua safari. Tuseme unataka kumpeleka Takwa, kwenye magofu ya mji uliokaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17 katika kisiwa cha Manda. Pana msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela bado hulizuru kuomba mvua. Ni mahali pazuri mno kwa mtu anayependa historia. Lakini Takwa huingiwa kwa kijito cha ndani ya mikoko, na kijito hicho kina maji ya kutosha wakati wa kujaa tu. Siku ya kuzaliwa ikiangukia mwezi mpevu, sahau Takwa ya asubuhi. Tokeni baada ya swala ya adhuhuri, fikeni maji yakiwa bado yanajaa, mtembee, kisha muwe mmetoka kijitoni kabla hayajashuka sana. Jua litawachwea mkiwa tayari kwenye maji mapana mbele ya Shela. Ikiangukia maji mafu, nendeni asubuhi, na mwulize nahodha kama mashua yake itafika hadi mwisho wa kijito au mtahitaji dau dogo la kuwavusha.

Manda Toto, kisiwa kidogo jirani ya Manda, nako ni vivyo hivyo. Kwenda huko kwa ndani hupitia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Mkikuta maji yamekupwa, mtakaa mkitazama mikoko hadi yajae tena.

Mambo matatu zaidi kuhusu maji, kwa kuwa nimeona yakiwakwaza watu:

Kupanda na kushuka. Mashua isipoweza kusogea ufuoni, Shela mtaingia majini hadi magotini, na gatini ngazi za chini huwa na utelezi maji yakipwa. Kama amealikwa bibi, au mtu amevaa buibui lake zuri, saa ya kupanda iwe ya maji yaliyojaa.

Saa ya kumwambia. Usimtoe kitandani dakika ya mwisho. Mweleze kwamba kuna miadi ya chakula, umtajie saa nzima kabla ya saa ya kung'oa nanga. Mshangao huvumilia kuchelewa, kijito cha Takwa hakivumilii.

Usiku. Usipange kulala nje au kurudi gizani kabla nahodha hajauliza kituo cha polisi. Lamu imewahi kuwekewa masharti ya mwendo wa usiku, na hilo huthibitishwa siku zile zile.

Hatua ya 4: Upepo na msimu

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo nipendayo: maji huwa maangavu na Manda Toto huonekana samaki. Kusi likichachamaa, Juni na Julai, kaeni kwenye maji ya ndani ya visiwa, msiende bahari kuu. Aprili na Mei ni masika. Epuka pia siku za Maulidi katika Mfungo Sita kama hujakodi mapema, mji hujaa. Ijumaa tokeni baada ya swala.

Hatua ya 5: Chakula na keki

Waachie mabaharia wapike: samaki wa makaa kwenye seredani, wali wa nazi, maembe, maji ya ukwaju. Keki iwe kavu, bila krimu, kwa sababu krimu haimalizi saa moja juani. Mishumaa haiwaki tanga likiwa juu, iwasheni mkishatia nanga upande usio na upepo. Pombe usiipakie bila kumwuliza nahodha. Ni chombo chake na mji wake.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Wageni wengine wapande kwanza, walale chini ya ukingo wa mashua. Mlete gatini kama mnatembea tu. Simu moja ya kupiga picha inatosha, nyingine zifungwe kwenye mfuko usioingia maji.

Mkirudi, malipo yaliyobaki mpe nahodha mkononi kabla ya kushuka, bakshishi ya mabaharia iwe kando, na chakula kilichosalia waachie wao.