Siku tatu kutoka Ullapool hadi Durness: pwani ya kaskazini-magharibi ya Uskoti

Kosa la kwanza hufanyika kwenye ramani. Mtu anaona Ullapool hadi Durness ni kilomita 110 hivi, anapanga kuimaliza asubuhi moja. Kufika atafika, ila atakuwa ameona kisogo cha gari la mbele tu. Toa siku tatu, ulale Lochinver na Kinlochbervie au karibu na hapo.

Kabla ya kuondoka Ullapool. Jaza tangi. Sheli zipo mbele, lakini ni chache na zimeachana. Pakua ramani kwenye simu, maana mtandao hukatika bondeni. Beba koti la mvua hata jua likiwa kali, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu.

Barabara. Sehemu kubwa ya njia za pwani ina upana wa gari moja, na kila baada ya mwendo mfupi kuna sehemu ya kupishana yenye kibao cheupe. Ikiwa kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia, usivuke: simama upande wako mkabala nayo, mwenzako ndiye atakayeingia humo akuzunguke. Hapa ndipo wageni wengi hukwama, wanavuka kulia na kukutana uso kwa uso na gari lililokuwa linaingia pale pale. Mwenzako akikuwashia taa, kwa kawaida anakuambia upite. Si kama kwetu ambako taa ni onyo la trafiki mbele. Ukiona gari limekufuata nyuma, jiweke pembeni lipite. Na usiegeshe kwenye sehemu ya kupishana hata dakika mbili za picha. Lori la samaki la Kinlochbervie halina pengine pa kupishana.

Siku ya 1: miamba na ngome. Kilomita 21 kaskazini ya Ullapool kuna Knockan Crag, kuingia ni bure. Panda njia fupi hadi kwenye ukuta wa mwamba. Juu kuna mwamba mweusi wa miaka bilioni moja hivi, chini yake chokaa ya rangi ya njano yenye miaka milioni 500 hivi. Mzee kamkalia kijana! Wanajiolojia Ben Peach na John Horne ndio walioifafanua vizuri hali hiyo, katika kitabu chao kikubwa cha 1907: bamba la miamba lilisukumwa kutoka mashariki likapanda juu ya jingine. Kuna mahali mkono mmoja unagusa miamba yote miwili. Usipite bila kugusa.

Endelea hadi makutano ya Ledmore, kata kushoto, usimame kwenye maegesho ya Allt nan Uamh. Mzunguko wa kwenda mapangoni na kurudi ni kilomita 4.5, saa mbili. Usishangae kijito kikikauka ghafla njiani: maji yanazama kwenye chokaa na kuibukia chini zaidi. Mapangoni imepatikana mifupa ya dubu, linksi (paka-mwitu mkubwa) na kulungu wa baridi. Mteremko wa mwisho huteleza mvua ikinyesha, hivyo fuata mzunguko upande mmoja, usikate njia ya mkato.

Ngome ya Ardvreck iko ukingoni mwa Ziwa Assynt. Ilikuwa ya ukoo wa MacLeod, na hapo ndipo Montrose, jenerali wa upande wa mfalme, aliposhikiliwa mwaka 1650 kabla ya kunyongwa Edinburgh. Maji ya ziwa yakipanda, shingo ya ardhi inayofika ngomeni huzama. Usipande kuta, mawe yamelegea.

Siku ya 2: barabara ya B869, inayofuata pwani kaskazini ya Lochinver. Anza na ufuo wa Achmelvich mapema, kabla maegesho hayajajaa. Clachtoll kuna boma la mawe la mviringo lililoungua miaka 2,000 hivi iliyopita. Wachimbaji wa 2017 walikuta humo shayiri iliyogeuka makaa. Kutoka mnara wa taa wa Stoer, uliojengwa 1870, tembea ukingoni mwa magenge hadi nguzo ya mwamba ya Old Man of Stoer, mita 60 juu ya bahari. Upepo ukivuma kuelekea baharini kaa mbali na ukingo. Mbele, kupitia Drumbeg, kuna miinuko ya asilimia 25. Mwenye karavani ageuze arudi Lochinver. Utatokea karibu na daraja la Kylesku, lililofunguliwa 1984 badala ya kivuko.

Siku ya 3: Sandwood na Smoo. Kutoka Blairmore hadi ufuo wa Sandwood ni kilomita 6.5 kwenda tu, hakuna gari. Weka saa tano na chakula chako. Usiogelee, mikondo ina nguvu. Jioni malizia Pango la Smoo, Durness: mdomo umechongwa na bahari, vyumba vya ndani na maji ya mto. Siku ya mvua kubwa maporomoko ya ndani hunguruma hadi hamsikilizani.

Maswali

*Leseni ya Tanzania inafaa, wakuu?*
Ndiyo, mgeni anaendeshea hadi miezi 12. Masharti ya kampuni ya kukodisha ni jambo jingine, uliza kabla ya kulipa.

*Twende mwezi gani?*
Mei hadi mwanzoni mwa Juni. Mchana ni mrefu na usubi bado haujashamiri. Julai na Agosti, siku tulivu zenye unyevu, utakuuma hadi uache chai. Upepo ukivuma hauruki, kwa hiyo piga hema mahali pa wazi. Na jikague kupe kila jioni.

*Hema naruhusiwa popote, ndugu?*
Sheria ya ardhi ya 2003 inaruhusu hema dogo kwenye ardhi isiyozungushiwa ua, siku chache, bila kuacha alama. Kulala garini hakumo katika haki hiyo.

*Cape Wrath je?*
Rasi hiyo ya ncha ya kaskazini-magharibi hufikiwa kwa kivuko cha abiria kutoka Keoldale, karibu na Durness, kisha basi dogo, majira ya joto tu. Eneo hilo ni uwanja wa mazoezi ya kijeshi, na wakifyatua linafungwa. Piga simu siku moja kabla, na asubuhi piga tena, maana upepo pekee unatosha kuzuia mashua.