Bili ya umeme kiwandani: anza na mita ya Jumapili, sola baadaye

Ukiwa na kiwanda Dar, iwe Vingunguti, Chang'ombe au kule Mbagala, lazima umeshatembelewa na jamaa wa sola, na kama sio wao basi umeshaletewa kale kaboksi ka kuchomeka ukutani eti kanakata bili nusu. Kaboksi achana nako, hakana kitu. Sola yenyewe ni nzuri ila sio pa kuanzia, maana ukiifunga kwenye kiwanda kinachovuja umeme utakuwa umenunua paneli za kulisha uvujaji. Na usidanganyike kwamba kwa vile Bwawa la Nyerere lina mashine 9 zenye jumla ya megawati 2,115 basi mambo yameisha, umeme kuwepo ni jambo moja na bili yako ni jambo lingine kabisa. Pa kuanzia ni kujua kiwanda kinakula kiasi gani wakati hakizalishi chochote, na kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali, inahitaji mita, daftari na wikiendi moja.

Jumamosi shifti ya mwisho ikitoka soma mita uandike, na saa uandike pia. Jumatatu alfajiri kabla hakijawashwa kitu soma tena, toa, gawa kwa masaa yaliyopita. Namba hiyo ndio mzigo wa kiwanda kikiwa kimelala. Taa za ulinzi, kamera, friji ya kantini na kompyuta za ofisini hizo zinaeleweka, lakini ukikuta zinaliwa kilowati 20 na geti lina kufuli, ujue kuna kompresa (mashine ya kubana hewa) imeachwa, au chila inazungusha maji baridi kwenye mashine zilizozimwa, au hita za mashine za plastiki zimeachwa usiku kucha "zisipoe". Siku hiyo hiyo ya Jumapili pita ndani na mlinzi taratibu mkiwa mmenyamaza, kiwanda kikiwa kimya utasikia vitu ambavyo siku ya kazi husikii hata ukiambiwa, na cha kwanza utakachosikia ni ssssss ya hewa.

Hapo kwenye hewa ndipo pa kukaa sana, kwa sababu kwa viwanda vingi vya kwetu vya chupa, maji, sabuni na vifungashio hela inapotea hapo kuliko sehemu nyingine yoyote. Watu wanaichukulia hewa kama ya bure. Ya bure ni ile ya Coco Beach, hii ya kwenye bomba umeilipia, na kati ya umeme wote unaoingia kwenye kompresa ni kama asilimia 10 hadi 15 tu ndio unakuja kufanya kazi upande wa pili, mwingine unageuka joto. Kwa hiyo kila lita inayovuja ni ghali kuliko unavyodhani. Tundu la milimita 3 tu, upana wa kichwa cha njiti ya kiberiti hivi, kwenye presha ya bar 7 linakula kama kilowati 3 hadi 4 muda wote kompresa ikiwa inafanya kazi, na hilo ni tundu moja, wewe unayo mangapi?

Kupima uvujaji ni rahisi na hakuna kifaa cha kununua. Wakati mashine zote zimezimwa ila vali za mabomba ya hewa hazijafungwa, washa kompresa moja iache ijaze mpaka ifike presha yake. Kama ni ile ya skrubu utasikia mlio unabadilika, ikibeba mzigo inaunguruma mlio mzito, ikiachia mlio unakuwa mwepesi. Chukua simu weka saa ya kuhesabu. Andika inabeba kwa dakika ngapi na inaachia kwa dakika ngapi, rudia mizunguko kadhaa utafute wastani. Halafu chukua muda wa kubeba, gawa kwa muda wa kubeba jumlisha wa kuachia, zidisha kwa 100. Tuseme inabeba dakika 1 na nusu inaachia dakika 3 na nusu, hiyo ni asilimia 30, maana yake karibu theluthi ya uwezo wa kompresa yako inalisha matundu. Ukiwa chini ya 10 uko vizuri, ukiwa juu ya 20 acha mengine yote kwanza. Na kumbuka hata pale inapoachia haijapumzika, mota inazunguka bado na inavuta robo hivi ya umeme wake au zaidi.

Kuyatafuta matundu tumia maji ya sabuni ya vyombo na brashi ya rangi, paka kwenye viungio vya kuchomoa na kuchomeka, kwenye mipira ya hewa iliyokakamaa, vichujio na vikombe vyake vya kutolea maji, sili za silinda, na nyuzi za mabomba zilizofungwa bila tepu nyeupe. Panapotoa mapovu funga kitambaa chekundu. Usizibe siku hiyo hiyo, funga vitambaa kwanza vyote, kwa sababu bosi akipita Jumatatu akaona vitambaa vimetapakaa kiwanda kizima hela ya viungio vipya atatoa mwenyewe, hakuna ripoti inayoshinda hiyo. Baada ya kuziba rudia kile kipimo cha simu, kisha kifanye kila mwezi, maana uvujaji unarudi.

Kitu kingine ni presha. Viwanda vingi kompresa imewekwa bar 8 au 9 kwa sababu kuna mashine moja ya mwisho kule kona ilikuwa inalalamika, fundi akapandisha, ikabaki hivyo miaka. Shida ya ile mashine mara nyingi ni bomba jembamba au kichujio kilichoziba, irekebishe hiyo halafu shusha presha kidogo kidogo, nusu ya nusu bar, siku mbili unaangalia, unashusha tena. Kila bar 1 unayoshusha inapunguza umeme wa kompresa kwa kama asilimia 7. Pia angalia chumba cha kompresa, kwa joto la Dar la Januari na Februari halafu kompresa imefungiwa kwenye kibanda cha bati inavuta hewa yake yenyewe ya moto, inafanya kazi ya ziada bure. Iwekee njia ya kuvuta hewa ya nje upande wa kivuli na ile ya moto itolewe nje mbali na hapo.

Na ule mtindo wa shifti ikiisha watu wanajipuliza vumbi kwenye nguo kwa mpira wa hewa ukomeshe. Sio umeme tu, hewa ya presha inaweza kutoboa ngozi au kuharibu jicho. Nunua mafagio na brashi.

Sasa bili yenyewe. Kama uko T2 au T3, yaani madaraja ya bei ya watumiaji wakubwa, toa karatasi ya TANESCO uiangalie vizuri, hulipii uniti peke yake, kuna mstari wa kVA, yaani kilele cha mzigo wako kwa mwezi ule. Wengi wanaamini kilele kinapanda kwa sababu mota kubwa inawashwa kwa kishindo. Sio hivyo, kishindo cha kuwasha ni sekunde chache na mita inachukua wastani wa kipande cha muda, kwa kawaida nusu saa. Kinachokupandisha ni Jumatatu asubuhi, hita zote za mashine zinawashwa pamoja, chila nayo, pampu ya kujaza tenki la juu nayo, na vyote vinakaa hivyo saa nzima. Pampu ya tenki ijaze usiku. Hita ziwashwe kwa zamu, mashine inayoanza kazi saa 4 haina sababu ya kuchemshwa saa 12. Umeme ukikatika ukarudi fanya vivyo hivyo, msikimbilie swichi zote kwa mpigo.

Halafu kuna pawa fakta, yaani katika umeme unaovuta ni sehemu gani inafanya kazi kweli. Mfano kiwanda kinatumia kilowati 200, pawa fakta ikiwa 0.75 utaandikiwa kVA 267 hivi, ukiipandisha mpaka 0.95 utaandikiwa 211. Kwa mfano tuseme kVA moja ni shilingi 15,000, hapo umeokoa zaidi ya laki 8 kwa mwezi bila kupunguza uzalishaji hata kidogo, weka bei iliyoko kwenye bili yako upige hesabu. Dawa yake ni kapasita, na kama kiwanda tayari kina paneli ya kapasita ifungue kwanza uone, mara nyingi nusu zimekufa zimevimba na hakuna anayejua. Ila usiifungue wewe, kapasita inabaki na umeme hata ikishazimwa, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Kama una inveta nyingi za mota mwambie kabisa, maana kapasita za kawaida zikikaa pamoja na inveta nyingi zinaungua mapema na zitahitaji koili za kuzilinda.

Inveta ninayosema ni ile ya kupunguza spidi ya mota, sio ya sola. Inalipa kwenye feni na pampu, hasa zile ambazo zimefungwa vali nusu au kibati cha kuzuia upepo muda wote. Feni ukiipunguza spidi kwa asilimia 20 umeme wake unashuka karibu nusu, ndio fizikia yake ilivyo. Lakini mota inayozunguka spidi moja mzigo mmoja kutwa nzima usiifungie, utakuwa umetupa hela.

Mota zilizoungua na kurewaindiwa (kusukwa koili upya) mara mbili mara tatu ziwekee alama. Fundi wa kurewaindi akichoma vibaya koili za zamani mota inapungua ufanisi, na huoni kwa macho. Piga hesabu: mota ya kilowati 15 ikifanya kazi masaa 6,000 kwa mwaka inaweza kula uniti 80,000, bei ya kuinunua mbele ya hiyo ni ndogo. Ikiungua tena nunua mpya yenye alama ya IE3, yaani daraja la ufanisi mkubwa.

Wenye boila, mabomba ya mvuke yaliyo wazi yavikwe pamba ya kuzuia joto na bati juu, pamoja na vali, watu wanavika bomba wanaacha vali uchi. Maji ya mvuke uliopoa yarudishwe kwenye tenki la boila, maana kila nyuzi 6 unazopandisha kwenye maji yanayoingia ni kama asilimia 1 ya mafuta au gesi. Na maji ya visima vya Dar mengi yana chumvi na chokaa, usiyaingize boila bila kuyatibu, ukoko ukishika kwenye mabomba ya ndani unachoma mafuta kupasha ukoko. Ukaguzi wa OSHA upo kisheria kwa usalama, fundi anapofungua boila kwa ajili yao hapo hapo mwambie aonyeshe ukoko na masizi.

Taa badilisha LED, bati chache za kupitisha mwanga juu, imeisha hiyo.

Kilichobaki ni maopareta, na hapa mabosi wengi wanakosea kwa kuanza na ukali. Ukimuuliza kwa nini hazimi mashine saa ya chakula atakwambia "bosi, nikizima hita hapa nitachukua saa nzima kuipasha na target yangu inanisubiri", na yuko sahihi. Kwa hiyo mtofautishie. Kwenye kila mashine bandika karatasi yenye mambo mawili: cha kuzima kila ikisimama zaidi ya dakika 10, kama mota ya haidroliki, konveya, na vali ya hewa ya mashine ile, na cha kuachwa mpaka mwisho wa shifti, kama hita, ambazo zishushwe tu nyuzi kadhaa badala ya kuzimwa. Muda ule wa kupasha uhesabiwe kwenye target yake, na karatasi iandikwe kwa Kiswahili, jina la anayefunga shifti liwe chini na sahihi yake.