Jinsi ya Kujiandaa kwa Mashindano ya Breki Dansi Ukiwa Arusha, kwa Kufuata Njia ya Shigekix

Kijana wa Arusha anayetaka kushindana katika breki dansi, na si kuburudisha watu kwenye mahafali tu, anapaswa kwanza kuijua kazi inayomsubiri siku ya mashindano, kisha apange mazoezi yake kwa kuifuata kazi hiyo. Sioni mfano ulio bora kuliko wa Shigeyuki Nakarai, Mjapani aliyezaliwa Osaka mwaka 2002 na anayejulikana kwa jina la Shigekix. Alianza akiwa na miaka 7 kwa kumfuata dada yake, akapata shaba katika Olimpiki ya Vijana ya Buenos Aires mwaka 2018, akatwaa ubingwa wa dunia wa Red Bull BC One, mashindano makubwa ya breki dansi ya mmoja dhidi ya mmoja, mjini Salzburg mwaka 2020 akiwa na miaka 18, akashinda dhahabu ya Michezo ya Asia ya Hangzhou mwaka 2023, na mwaka uliofuata akawa mmoja wa wanamichezo wawili walioibeba bendera ya Japani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Paris.

Huko Paris alimaliza wa nne, na kwa anayejiandaa siku hiyo ina mafunzo kuliko medali zake zote. Tarehe 10 Agosti 2024 wachezaji 16 wa kiume waligawanywa katika makundi manne, na kila mmoja akapambana na wenzake watatu wa kundi lake kwa raundi mbili mbili, raundi ikiwa ni zamu moja ya kila mchezaji kucheza. Waliovuka waliingia robo fainali, nusu fainali na pambano la medali, na kila pambano lilikuwa la raundi tatu. Ukijumlisha, aliyefika mwisho kama Shigekix alicheza raundi 15 kwa siku moja mbele ya waamuzi tisa, ambao walipima mbinu, wingi wa mitindo, usafi wa utekelezaji, uelewano na muziki, na ubunifu, kila kipengele kikiwa na uzito ule ule. Anayerudia alichokwisha kukionyesha hujipunguzia alama. Kwa hiyo jiulize mapema: unazo raundi ngapi zisizofanana?

Nunua kaunta buku na uipe kila raundi ukurasa wake. Andika utakavyoingia kwa toproki, yaani hatua za kusimama, utakavyoshuka sakafuni, futiweki utakayoifanya ukiwa umeegemea mikono, pawamuvu, yaani mizunguko ya nguvu, kama ipo, na frizi utakayofungia, ambapo mwili wote hutulia katika umbo moja. Anza na raundi tatu zilizokamilika, kisha ongeza mpya polepole bila kuziacha za zamani zichakae. Pembeni ya kila ukurasa weka alama ya penseli kila unapoicheza raundi hiyo mazoezini bila kuanguka, kwa sababu raundi inayokubali mara moja kati ya nne bado haijawa yako. Katika mashindano ya mtoano yasiyo na makundi, ambayo ndiyo chipukizi hukutana nayo zaidi, tumia raundi yako bora mwanzoni kabisa. Inasikitisha kumwona kijana mwenye kipaji akitolewa katika pambano la kwanza huku kitu chake kizuri kuliko vyote akiwa amekihifadhi kwa ajili ya fainali.

Sakafu ni jambo la kwanza la vifaa. Boksi la friji lililopasuliwa linatosha kuanzia, lakini kapeti la plastiki, lile la sebuleni linalouzwa kwa mita, linateleza vizuri zaidi na halimeguki. Litandike juu ya saruji laini au tarazo, ubandike kingo zake kwa selotepu pana, na ulifute kwa kitambaa kibichi kisha kikavu kabla ya kila zoezi, kwani vumbi la Ngarenaro au Sombetini huufanya mkono uteleze pale unapobeba uzito wote. Mwombe mwalimu mkuu au viongozi wa kanisa ukumbi wenye paa kabla ya Machi kuingia, maana masika yakishaanza hakuna zoezi la nje linaloaminika. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Arusha inapokaza, refusha muda wa kupasha mwili moto, na uanzie na viganja na shingo.

Nina msimamo mkali kuhusu mpangilio wa kujifunza. Vijana wengi hukimbilia kuzunguka kwa kichwa kwa sababu ndicho watazamaji wanachokishangilia, ilhali shingo isiyoandaliwa huumia haraka na hupona taratibu. Miezi ya kwanza iwe ya toproki, futiweki na frizi za chini. Mizunguko ya mgongo na mabega ifuate, na kichwa kiguse sakafu baada ya kijana kuweza kusimama kwa mikono na kushuka kwa utulivu bila msaada. Kiganja kikiuma kwa siku mbili mfululizo, fanya hatua za kusimama peke yake mpaka maumivu yaishe.

Pumzi hujengwa kwa namna mbili. Mchakamchaka wa alfajiri unafaa, lakini raundi ya breki dansi ni juhudi kali ya chini ya dakika moja inayofuatiwa na kumngoja mpinzani, kwa hiyo fanya mazoezi kwa mwendo huo huo: cheza, mwachie mwenzako acheze, rudi, mpaka mfikishe raundi tatu kila mmoja. Mara moja kwa mwezi pangeni mchana mzima wa raundi 15 zenye mapumziko kati ya mapambano. Walio chini ya miaka 15 wafanye nusu yake.

Muziki ndio unaowaangusha wengi, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Katika mapambano makubwa dijei ndiye anayechagua, na mchezaji hajui atapigiwa nini, hivyo anayefanya mazoezi kwa nyimbo zake tatu anazozipenda anajizoesha hali ambayo hataikuta. Mpe mwenzako simu iliyounganishwa na spika, apige ngoma asiyokutajia, na wewe uingie ndani ya sekunde chache. Kabla ya kusogea, sikiliza ngoma kubwa inapodunda na mahali mdundo unapokatika, kisha ulenge frizi yako iangukie hapo hapo. Fanya zoezi jingine la kucheza ukurasa ule ule wa kaunta buku kwa mdundo wa taratibu, halafu wa haraka. Raundi isiyoweza kubadilishwa kasi ikiwa katikati inahitaji kuandikwa upya.

Ngazi za mashindano zipandwe kwa mpangilio. Shigekix alipambana na vijana wenzake huko Buenos Aires kabla ya kutwaa ubingwa wa wakubwa, na dada zetu wanaye Ami Yuasa, Mjapani mwingine, aliyebeba dhahabu ya wanawake ya Paris. Kwa mtu wa Arusha, hatua ya kwanza ni duara la mtaani, ambamo wachezaji huingia katikati kwa zamu, ya pili ni kupanda kosta asubuhi kwenda Moshi, kama kilomita 80, na kupambana mchana wa siku hiyo hiyo ili mwili uzoee kucheza baada ya safari. Baadaye ndipo Dar es Salaam na Nairobi zifikiriwe, pamoja na pasipoti na ridhaa ya maandishi ya wazazi kwa aliye chini ya miaka 18. Breki dansi imo katika Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa Dakar, Senegali, mwaka 2026, lakini haimo katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, na ni haki ya kijana kuambiwa hivyo waziwazi.

Wapelekee wazazi ratiba yenye mitihani ndani yake. Mwanafunzi wa kidato cha pili au cha nne asipangiwe shindano lolote kuanzia Oktoba mpaka amalize mitihani ya Novemba. Mazoezi mepesi ya nusu saa yanatosha kutunza mwili.

Baada ya kila shindano mfuate mwamuzi mmoja kwa adabu, umwulize ni raundi ipi uliyoipoteza na kwa kipengele kipi, uandike jibu lake usiku huo huo kwenye ukurasa wa raundi hiyo, upumzike siku mbili, na zoezi linalofuata lianzie kwenye ukurasa huo.