Gari la AWD Likikwama Kwenye Theluji ya Kina: Jinsi ya Kulinasua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani ambaye gari lake lilikuwa limegoma kwenda mbele wala nyuma, ingawa ni la AWD, yaani lina nguvu kwenye magurudumu yote manne. Nilimkuta akifanya kile wanachofanya madereva wengi wa AWD: anakanyaga mafuta. Kila akikanyaga, linazidi kuzama.

Kuna jambo moja ukilielewa, kazi yote inanyooka. Kwenye theluji ya kina, gari la AWD mara nyingi hukwama kwa tumbo. Gari la kawaida hushindwa mapema, likiwa bado karibu na barabara. La AWD hukupeleka mbali zaidi, na likianza kuteleza, tairi zote nne huchimba kwa pamoja, kwa hiyo bodi hushuka sawasawa bila wewe kuhisi. Mwishowe uzito wa gari unabebwa na theluji iliyoshindiliwa chini ya injini na sakafu, huku tairi zikigusa tu. Tairi isiyobeba uzito haishiki, hata injini iwe na nguvu namna gani. Kwa hiyo hapa dawa ni beleshi.

Hatua ya 1: Acha mafuta

Tairi ikizunguka bure inapata joto, inayeyusha theluji, na maji yale yanaganda kuwa barafu. Weka P, vuta breki ya mkono, zima injini, shuka.

Hatua ya 2: Ekzosi kabla ya kitu kingine chochote

Chimba nyuma ya gari mpaka mdomo wa ekzosi uonekane wote na moshi uwe na pa kwenda. Ekzosi ikizibwa na theluji, kaboni monoksidi inaweza kuingia ndani ya gari. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inaua. Hili linawahusu hata wanaokaa ndani na hita wakisubiri msaada, hasa watoto walioachwa humo wapate joto wakati wewe unachimba. Kama theluji bado inaanguka, rudi uangalie tena na tena.

Hatua ya 3: Chagua pa kutokea

Karibu mara zote ni nyuma, kwenye alama zako mwenyewe, kwa kuwa theluji ya pale umeshaishindilia. Nyoosha usukani.

Hatua ya 4: Toa theluji chini ya tumbo

Hapa ndipo saa zinapopotea, na ndipo watu wanapodanganyika. Mtu anasafisha mbele ya tairi vizuri kabisa, anawasha gari, halisogei hata kidogo. Anarudi kusafisha zaidi palepale. Kumbe kizuizi kiko katikati, asipopaona.

Piga goti uchungulie kutoka ubavuni. Kama huoni mwanga wa upande wa pili, gari limekalia theluji. Chukua fimbo au mpini mrefu uupitishe chini ya gari kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Panapogota, hapo ndipo pa kufanyia kazi. Sehemu sugu ni tatu: chini ya injini, chini ya sakafu katikati, na kwenye difu ya nyuma (sanduku la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma), ambayo kwenye magari haya huning'inia chini na kusukuma theluji kwa mbele yake.

Theluji hiyo si ile nyepesi ya juu. Imegandamizwa na uzito wa gari, ni ngumu, hutaikwangua kwa mkono. Ikate kwa ncha ya beleshi kwa ulalo, vipande vidogo vidogo, kisha uvivute kuja kwako. Usisukume kuelekea ndani, utaishindilia upya. Nenda ubavu mmoja, kisha wa pili, mpaka pande zote mbili ulizochimba zikutane katikati. Tupa mbali na njia utakayotokea.

Beleshi lenyewe: mimi nataka la chuma au aluminiamu, jembamba, lenye mpini mfupi. Yale mapana ya plastiki ni ya kusafisha njia za miguu, chini ya gari hayapenyi na hayakati. Lakini chuma kinataka adabu. Nyuma ya kila gurudumu kuna mpira wa breki na waya wa sensa, na chini ya injini magari mengi yana kinga ya plastiki. Karibu na hapo kata polepole, malizia kwa mkono wenye glavu.

Usiingize kichwa wala kifua chini ya gari. Unavyoitoa theluji ile, gari linashuka, wakati mwingine kwa ghafla. Kushuka huko ndiko unakokutafuta: tazama tairi pale inapogusa chini, utaona ukuta wake ukitanuka kidogo, na nafasi kati ya tairi na bodi ikipungua. Maana yake uzito umerudi kwenye magurudumu. Ukiona hivyo kwa yote manne, kazi ngumu imeisha. Usipoona, endelea kuchimba, usiwashe gari kujaribu bahati.

Hatua ya 5: Njia ya tairi

Vunja barafu kwenye mashimo ya tairi, uchonge mteremko mdogo wa kutokea. Mwaga mchanga au changarawe. Mbao maalumu za kunasulia ni bora kuliko chochote, ziingize zibane chini ya tairi. Zulia za gari sizipendi: huchomoka kwa kasi na kumpiga aliye nyuma. Kupunguza upepo wa tairi kunasaidia, ila kama huna pampu usiguse.

Hatua ya 6: Toka

Zima mfumo wa kuzuia tairi kuteleza. Magari mengi hutaka ushikilie kitufe kwa sekunde kadhaa. Ukiuacha, unaweza kukata nguvu ya injini pale unapoihitaji. Kanyaga mafuta kidogo tu. Likisita, liachie lirudi, kisha ukanyage mafuta tena kwa kubembeleza, lakini subiri magurudumu yasimame kabisa kabla ya kubadili gia. Ukisikia harufu ya kuungua, au taa ya AWD ikiwaka, simama upumzishe gari: klachi inayogawa nguvu imepata joto, na mifumo mingi hujikata ili isiungue.

Likigoma kabisa, tafuta wa kukuvuta. Funga kamba kwenye ndoano ya kuvutia peke yake. Mara nyingi iko kwenye buti pamoja na jeki, na baadhi hufungwa kwenye gari kwa kuzungusha kinyume na kawaida. Izungushe mpaka mwisho. Kamwe usifunge kwenye kile kichwa cha duara cha chuma cha kuvutia trela: kimekatika na kuua watu. Wote wakae mbali na kamba.

Ukishatoka, washa tena ule mfumo wa kuzuia kuteleza, halafu safisha theluji ndani ya rimu kabla ya kushika barabara. Ikibaki imeganda upande mmoja, usukani utatetemeka ukiongeza mwendo, na utadhani umevunja kitu.