Namba ya gari yenye neno la Kiswahili: jinsi ya kuipata Uingereza, na jinsi ya kutoipoteza

Juzi nilikuwa nimepiga magoti kwenye maegesho ya msikiti hapa Leicester, nabandika kibao cha namba kwenye gari la jirani yangu. Mama mmoja akapita, akasimama, akalisoma neno zima kwa sauti, kisha akamuuliza mwenye gari: "Baba, wewe mtu wa kwetu?" Kibao chenyewe kina herufi nne na tarakimu moja tu. Kimefanya kazi ile ile ya jina la kanga au maandishi ya nyuma ya daladala: aliyekusudiwa anaelewa, wengine wanapita.

Nimeshawasaidia ndugu na jamaa kadhaa kupata namba hizi, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nayajibu hapa. Haya ni ya Uingereza, ambako namba za magari zinasimamiwa na DVLA, idara ya serikali ya leseni na magari, yenye makao yake Swansea.

Hatua ya 1: Tafuta neno linaloingia

Wengi hufungua tovuti wakaandika jina lao lote, wakaambiwa halipo, wakakata tamaa. Hapa hujitungii namba. Marekani unaandika neno lako na ofisi ya jimbo inalikubali au kulikataa. Uingereza inauza namba zilizomo ndani ya miundo yake rasmi tu. Kazi yako ni kuliona neno ndani ya muundo.

Miundo iko kadhaa, ila kwa Kiswahili mimi nina mmoja tu ninaoupenda: ule uliotumika kuanzia Agosti 1983 hadi Agosti 2001. Inaanza herufi moja, inafuata namba kati ya 1 na 999, halafu herufi tatu. Sasa tazama maneno yetu yalivyo: konsonanti, irabu, kisha konsonanti mbili na irabu ya kumalizia. Ukiisoma 1 kama I, 3 kama E na 4 kama A, maneno yanajipanga yenyewe. S1 MBA. T3 MBO. J4 MBO. Miji na visiwa: P3 MBA, T4 NGA, K1 LWA. Hata majina ya watu: S4 LMA, F4 TMA, S4 LUM, N3 EMA. Mimi nilipoligundua hili sikulala usiku ule, nilijaza kurasa tatu za daftari. Kiswahili kinaingia kwenye muundo huu kama kisu kwenye ala yake.

Mipaka yake ni hii. Zile herufi tatu za mwisho hazina I, Q wala Z, kwa hiyo Mafia haiwezekani, na Hamza naye anakosa. Herufi ya kwanza haiwi I, O, Q, U wala Z. Ukibanwa hapo, nenda kwenye namba za Ireland Kaskazini, ambazo daima zina I au Z: herufi tatu, kisha tarakimu moja hadi nne. Humo ndimo linamopatikana umbo kama KAZ 1 au BIB 1. Namba hizo hazionyeshi mwaka, na gari lolote la Uingereza linaruhusiwa kuzivaa.

Sheria moja haipindishwi: namba haiwezi kulifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Kwa muundo wa 1983 hadi 2001 hilo halikusumbui isipokuwa gari lako ni kongwe sana. Kwa muundo wa sasa, ulioanza Septemba 2001, angalia tarakimu mbili za katikati: 51 ni Septemba 2001, 24 ni Machi 2024. Gari la 2019 halivai 24.

Kabla ya kulipa, liandike neno kwa kalamu nene kwenye karatasi, pamoja na nafasi yake ya katikati, umwonyeshe mtu kwa sekunde mbili. Akianza kutaja herufi moja moja, achana nalo. Likisomeka, mwonyeshe mtu mzima wa upande mwingine: wewe ni wa Zanzibar, muulize wa Lubumbashi, wewe ni wa bara, muulize wa pwani. Neno la heshima kwenu linaweza kuwa tusi kwa wenzenu, na utatembea nalo barabarani miaka.

Hatua ya 2: Nunua

Nunua moja kwa moja kwenye tovuti ya DVLA. Bei zinaanzia pauni 250, na ndani yake mna ile ada ya pauni 80 ya kuiweka kwenye gari. Madalali siwapendi na sitawapenda. Nenda kwao ikiwa tu namba unayoitaka ina mwenyewe anayeiuza. Kwenye minada ya DVLA kumbuka kwamba bei ya nyundo si ya mwisho: utaongezewa kamisheni, kodi ya VAT na zile pauni 80. Utaletewa hati ya haki ya namba, iitwayo V750, inayodumu miaka 10.

Hatua ya 3: Ivishe gari

Mtandaoni, ukiwa na V750 mkononi na kadi ya gari, yaani V5C. Ni dakika chache. Kadi mpya itakuja kwa posta.

Hatua ya 4: Tengeneza vibao

Lazima vitengenezwe na fundi aliyesajiliwa, naye atataka kuona kitambulisho chako na hati ya namba. Asiyekuuliza chochote, mkimbie. Cheupe mbele, cha manjano nyuma, maandishi meusi yasiyo na urembo.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wameshapata neno zuri, sasa wanataka nafasi ya katikati iondoke ili lisomeke kwa mkupuo, au parafujo nyeusi iwekwe mahali ambapo itaigeuza herufi moja kuwa nyingine. Usifanye. Kila herufi ina kimo cha milimita 79, kati ya herufi na herufi ni milimita 11, na kati ya makundi mawili ni 33. Mpwa wangu aliletewa kibao kilichobanwa. Niliweka rula pale pale kizingitini, nikakuta 12 badala ya 33. Akarudisha. Kibao cha namna hiyo kinaliangusha gari kwenye ukaguzi wa MOT, faini yake inafika pauni 1,000, na namba yenyewe unaweza kunyang'anywa. Amini neno lako: P3 MBA yenye nafasi yake halali bado ni Pemba.

Mimi hubandika kwa gundi ya utepe, si parafujo. Hakuna tundu la kuharibu sura ya herufi.

Hatua ya 5: Wajulishe wote

Bima kwanza, siku hiyo hiyo. Halafu Auto Pay ya London (akaunti ya kulipia ada za kuendesha gari mjini humo), Dart Charge (ada ya kuvuka Mto Thames pale Dartford), na kibali cha kuegesha mtaani kwako kama unacho. Kamera zinajua namba tu, hazikujui wewe.

Hatua ya 6: Siku ya kuachana na gari

Hatua hii ilinila Jumamosi nzima na nusu ya wiki iliyofuata, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Shemeji yangu alinunua namba yenye jina la marehemu mama yake. Miaka minne baadaye akaenda kubadilisha gari: akatoa la zamani, akaongeza pesa, akachukua jipya. Muuzaji alimwambia mambo ya namba yatashughulikiwa baadaye. Shemeji akaamini, kwa sababu ile hati ya V750 alikuwa nayo bado kwenye droo, akidhani ndiyo inayomfanya mwenye namba.

Siyo. Namba ikishavishwa gari, ile hati imekwisha kazi. Haki inakuwa ya mtu aliyesajiliwa kwenye kadi ya gari kama mtunzaji wake. Gari likiuzwa na namba ikiwa juu yake, namba imeuzwa. Tulipopiga simu, gari lilikuwa limeshachukuliwa na mtu wa mji mwingine, na jina la mama lilikuwa lake kisheria.

Tulimwandikia, tukamweleza jina lile ni la nani. Alikuwa muungwana. Yeye mwenyewe aliomba DVLA itoe namba kwenye gari, tukamrudishia pauni 80 za ada, akapewa V778, yaani hati ya kuhifadhi namba iliyotolewa kwenye gari, na kwa hati hiyo tukaihamishia kwenye gari jipya la shemeji. Angekataa, tusingekuwa na pa kushitaki.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuruka:

Itoe namba kwenye gari kwanza, kwa pauni 80, upate V778. Kwa kawaida gari litarudishiwa namba yake ya awali.

Subiri uthibitisho. Usikabidhi funguo kwa ahadi ya muuzaji, hata kama mnasalimiana kila siku.

Ndipo uuze.

Hali mbili zinahitaji uangalifu zaidi. Gari likipata ajali na bima ikisema halitengenezeki, omba kuihifadhi namba kabla hujakubali malipo na kabla gari halijapelekwa kukatwakatwa. Na kama gari ni la kukodi kwa miaka mitatu au minne, tazama jina lililo kwenye kadi: mara nyingi mtunzaji aliyesajiliwa ni kampuni inayokukodisha. Ukiivisha namba gari hilo, umeiweka mikononi mwao, na kuitoa utahitaji ushirikiano wao. Kwa gari la kukodi mimi nakushauri uiache namba kwenye hati yake mpaka upate gari lako. Vivyo hivyo kwa mzazi anayemnunulia mtoto: ikishafika kwenye gari lake, ni ya mtoto.

Vile vibao vya awali ulivyovibandua mwanzoni usivitupe. Vifunge kwenye gazeti, viweke chini ya zulia la buti. Siku ya kuitoa namba yako, gari litarudi kwenye ile ya zamani, na utavihitaji kabla hujaliondoa hapo lilipoegeshwa.